Tulivyokuza Fuwele Ndogo Kasongo

Tangu niache kazi, vijana wa karakana wamekuja kwangu mara nyingi kuuliza mambo ambayo hayajaandikwa popote: kwa nini tunatia chumvi kabla ya kuosha, kwa nini mbegu zinafungiwa katika chupa tatu na si moja, kwa nini ufunguo wa bolti unatundikwa mbali na jiko. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja mlangoni huku sufuria ya sombe, majani ya muhogo, inaungua jikoni. Basi naandika mara moja. Nani alipanda cheo na nani alipata nini, hayo waulizeni wengine. Mimi nilikuwa mtu wa fuwele.

Karakana yetu, kwa wale ambao hawajafika, iko Kasongo, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Maganda ya mpunga ndiyo mali yetu ya kwanza. Ukiyachoma vizuri yanaacha majivu meupe, na ndani ya majivu hayo kuna kitu kilekile kilicho ndani ya mchanga na kioo. Unayeyusha majivu katika soda kali, ile ya watengeneza sabuni. Unatia udongo mweupe wa upande wa Lusangi uliochomwa. Unafunga uji huo katika chungu cha chuma chenye bolti, unaupasha kupita moto wa maji yanayochemka, na ukifungua unakuta unga mweupe unaoitwa zeolaiti. Kwa macho ni kama unga wa muhogo. Kumbe kila chembe ni fuwele, na kila fuwele ina vijia ndani yake, vyembamba hata mvuke wa mafuta unapita kwa kujibana. Mvuke wa mawese ukipita humo unakatwa vipande vifupi, na vipande hivyo vikipoa vinakuwa mafuta ya kuendeshea jenereta. Unga wenyewe hauishi. Unakata, unabaki. Ndiyo maana wasomi wanauita kichocheo.

Siku ya kwanza nilivaa blauzi nyeupe niliyoazima kwa shangazi. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kemia katika shule ya kanisa, nikidhani nitakabidhiwa darubini. Papa Amisi, mkubwa wa chumba cha fuwele, aliitazama ile blauzi, kisha akanionyesha beseni la chupa.

"Osha."

Nikaosha. Akainua chupa moja kwenye mwanga wa dirisha. "Angalia maji. Yanasimama matone-matone. Hii chupa iko na mafuta bado."

"Papa, nimeisha kuiosha na sabuni."

"Sabuni nayo inabakiaka. Osha mpaka maji yateremuke kama shuka moja."

Jioni nilirudi nyumbani vidole vimejikunja kama vya bibi kizee. Shangazi akauliza nimejifunza nini. Nikamwambia, kuosha. Akasema hata yeye angenifundisha hilo, na blauzi yake isingepata madoa.

Ilichukua muda kuelewa. Fuwele inataka mahali pa kushika ili ianze kukua, na uchafu wowote unaweza kuwa mahali hapo. Chupa chafu inazaa fuwele ambazo hukuziomba. Papa Amisi alikuwa amejifunzia kazi hiyo Bukavu, katika maabara ya watu wengine, akarudi Kasongo kwao na mikono iliyojua zaidi ya alivyopenda kueleza. Alikuwa Mwislamu wa kushika swala, na sijawahi kujua kama alipanga moto wa chungu kufuata swala au kinyume chake. Vyote viwili havikuchelewa.

Alinifundisha mbegu. Tulikuwa na chupa ya fuwele nzuri za zamani, zimesagwa. Kijiko cha mbegu kikiingia katika uji, kila chembe inaanza kujivutia chakula. Mbegu zikiwa chache, kila moja inashiba na kunenepa. Zikiwa nyingi, chakula kinagawanyika na zote zinabaki ndogo, kama mihogo iliyopandwa kwa kubanana. Alinifundisha pia kuuacha uji ukae baridi kabla ya moto, maana humo ndimo fuwele zinazaliwa, na moto unakuza zile zilizokwisha kuzaliwa. Moto mkali wa haraka unazirefusha. Ukizisahau ndani, zinaanza kugeuka jiwe la bure ambalo halina kijia hata kimoja. Hilo lilitupata mara moja, tukapata chungu kizima cha mchanga mzuri sana. Papa Amisi alisema angalau tunaweza kusugulia sufuria.

Yeye alipenda fuwele kubwa. Chini ya darubini zilionekana ndefu, zenye mabega, mfano wa masanduku ya maiti, na yeye mwenyewe aliziita majeneza. "Leta majeneza niyaone," alisema kila chungu kilipofunguliwa. Zilikuwa na faida ya kweli: zinatua chini ya ndoo haraka, unamwaga maji, unaosha tena, kazi imekwisha. Fuwele ndogo zinaelea kama maziwa, zinapenya kitambaa, zinakutoroka.

Shida ilionekana Kabambare. Mnara wenyewe wa kukatia mafuta uko kule, karibu na michikichi, na anayeuendesha ni Injenia Kalonda, mtu mpole mwenye sauti kubwa. Alikuwa akiturudishia vichocheo vilivyotumika ili tuvichome upya, na kila mara vilirudi vyeusi mapema kuliko mara iliyotangulia. Nilivunja kipande, nikakuta weusi mpaka katikati. Nikamwambia Papa Amisi ninavyofikiri: katika fuwele ndefu kijia nacho ni kirefu, kipande cha mafuta kinachelewa kutoka, kinaungua humo humo, kinakuwa masizi na kuziba njia ya wenzake. Tukizifanya fuwele ndogo, mafuta yataingia na kutoka upesi.

"Na utaziosha je?" akauliza.

"Sijue bado."

"Basi siku utajua, utaniambia."

Hakukasirika. Alikuwa na haki. Kichocheo kisichoosheka hakifai kitu. Tukaendelea na majeneza.

Halafu ikaja ile masika mbaya. Barabara zilikatika, malori ya mazuti, yaani dizeli, hayakufika, na hospitali moja ya Kabambare, ambayo betri zake za jua zilikuwa zimekufa, ikabaki kutegemea mafuta ya mnara wetu. Asubuhi moja Injenia Kalonda akanipigia simu. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama Feza, mnara umeziba tena. Mafuta yanatoka matone tu."

"Choma kichocheo upya huko huko."

"Nimechoma. Kinakufa upesi zaidi. Sikiliza. Juzi daktari alipasua mama mmoja wa mimba na mwanga wa simu. Katikati ya kazi simu ikazima."

"Na mama?"

"Tumemuzika jana. Mama Feza, na wengine wako njiani. Tumbo haingojake barabara."

Papa Amisi alikuwa amesimama karibu, amesikia yote. Alichukua kopo la majeneza aliyoyatayarisha kupeleka Kabambare, akalirudisha kwenye kabati. "Fanya zako ndogo," akasema.

"Papa, mbegu zimebaki kidogo. Nikitaka fuwele ndogo, nitazitia zote. Kama tunakosa, hatuna kitu cha kuanzia tena."

"Nimesikia. Tia zote."

Nikazitia. Tuliuacha uji ukae baridi huku mimi nikiukoroga mpaka bega likawaka, kisha tukamimina katika chungu, theluthi mbili tu kama inavyotakiwa, maana uji ukipata moto unavimba na kutafuta nafasi. Tukaweka pete ya kuziba, tukakaza bolti kwa kuvukana, moja huku na nyingine ng'ambo yake. Papa Amisi akawasha makaa. Tulikubaliana kuweka moto wa chini na muda mfupi kuliko kawaida. Baada ya hapo hakuna la kufanya ila kutazama mshale wa kipimo cha mvuke, maana chungu hakina dirisha.

Siku ya pili, mvua ikipiga mabati, nikasikia sauti nyembamba ambayo haikuwa ya mvua. Nikainama. Kwenye ukingo wa kifuniko kulikuwa na mstari mweupe wa soda uliokauka, na katikati ya mstari huo mvuke ulikuwa unatoka kama pumzi ya mtu anayelala. Mshale ulikuwa umeanza kushuka.

"Papa, chungu kinavuja."

Alikuja, akasikiliza. Wote wawili tulijua sheria. Yeye ndiye aliyenifundisha. Chungu kikivuja unaondoa makaa, unatoka nje, unakiacha kipoe chenyewe. Hakuna kukaza bolti ya chungu kilicho na mvuke, kwa sababu bolti ya moto inaweza kukatika, au pete ikahama, na kilichomo ni soda kali ya moto. Lakini tukikizima wakati ule, uji ungekuwa haujaiva. Mbegu zetu zote zilikuwa humo.

"Toka," akaniambia.

"Papa, usikaze. Tutoke wote."

"Feza, nimekuambia toka!"

Hakuwa amewahi kunipazia sauti. Nilirudi mpaka mlangoni, si zaidi. Alijifunga kitambaa usoni, akavaa glavu moja, ya kushoto, kwa kuwa ya pili ilikuwa na tundu, akachukua ufunguo wa bolti. Alikaza taratibu, akisikiliza. Sauti ikapungua. Akakaza tena kidogo. Ikawa kimya, nikadhani imekwisha, na hapo pete ikahama. Mvuke ulimtokea upande wa kulia kama teke. Hakupiga kelele, alivuta hewa ndani, basi. Kisha, na hili niliona kwa macho yangu, aliurudisha mkono ule ule ulioungua kwenye ufunguo akamalizia kukaza. Chungu kikanyamaza kabisa.

Nilimburuta nje kwenye pipa la maji ya mvua. Wanawake wanaopepeta mpunga kwenye mashine walikuja mbio na ndoo zao, tukammwagia maji, tukammwagia, maana soda haiishi kula mpaka imeoshwa kabisa. Ngozi ya mkono ilikuwa nyeupe na yenye utelezi. Walipomweka kwenye pikipiki kumpeleka hospitali, mmoja mbele na mmoja nyuma akimshikilia, alinigeukia. Neno lake lilikuwa moja:

"Makaa."

Nikarudi ndani kuongeza makaa. Naandika hivyo kwa haraka, lakini kuupita ule mlango kulikuwa kugumu kuliko kitu chochote nilichofanya katika kazi. Kila bolti ilikuwa kama jicho. Niliketi nyuma ya ukuta wa matofali, nikawa natazama mshale kupitia kioo cha pikipiki tulichokitundika.

Injenia Kalonda alipiga simu tena. Alitaka niongeze siku moja ili kuwa na hakika. Nilikataa. Kila saa ya ziada ingezinenepesha fuwele, na tungekuwa tumeunguza mkono wa mtu ili kupata majeneza mengine. Wakati tuliokubaliana na Papa Amisi ulipofika nikaondoa makaa, nikangoja mshale ulale kabisa, nikangoja tena, ndipo nikafungua.

Ndani kulikuwa na maziwa. Niliyaweka chini ya darubini, nikaona ukungu. Ama fuwele zilikuwa ndogo kuliko macho ya darubini yetu, ama ulikuwa uji mbichi. Hakuna aliyeweza kuniambia. Niliacha ndoo itulie, haikutulia. Nilichuja kwa kitambaa, kitambaa kikapitisha yote. Nilikaa kwenye kiti cha Papa Amisi nikalia kidogo, kisha nikafikiri. Kabla ya kutumika, zeolaiti inalowekwa katika chumvi ya amonia ili kuitoa soda. Sisi siku zote tulifanya hivyo mwishoni, baada ya kuosha. Lakini nimeona maziwa yanavyoganda yakikutana na ndimu, na nimeona maji ya matope yanavyotulia yakitiwa chumvi. Nikatia chumvi ile kwanza, katika ndoo ndogo. Maziwa yakaanza kushikana, yakawa mawingu, mawingu yakashuka. Nikayamwaga maji ya juu, nikaosha kwa maji safi bila kupoteza hata kijiko cha unga. Hiyo ndiyo sababu mnatia chumvi kabla ya kuosha. Sasa msiniulize tena.

Nilichoma kiasi kidogo, nikakiweka katika bomba la kioo, nikapitisha mvuke wa mawese. Uji mbichi ungetoa mafuta mazito ya njano. Kilichodondoka kilikuwa chepesi, cheupe karibu kama maji, na kilipokaribia kiberiti kiliruka moto. Nikakimbia nje kuwaambia wanawake wa mpunga, maana hakukuwa na mwingine wa kumwambia.

Tulikanda unga ule na udongo kidogo, tukausukuma katika mashine ya kusagia nyama ukatoka vijiti vyembamba, tukavikatakata na kuvichoma. Vilivyopoa nikavifunga katika makopo, nikaziba vifuniko kwa nta, kwa sababu vikiwa vikavu hivyo vinavuta maji kutoka hewani. Shabani, dereva wa pikipiki aliyezoea njia ya Kabambare, akanipakia, makopo yakiwa mgongoni mwangu.

Matope, magogo, mito ya kuvusha pikipiki kwa mabega, hayo mnayajua. Upande wa migodi tukakuta bariere mpya, kizuizi cha watu wenye bunduki. Mkubwa wake, waliyemwita Komanda, aliagiza kopo lifunguliwe, akadhani vijiti vyetu ni vidonge vya dawa.

"Hizi kinini za nini?"

"Si kinini, Komanda. Ni ya kutengeneza mafuta ya jenereta. Inakwenda kwa hospitali."

"Mafuta iko wapi? Mimi naona kinini." Wachimbaji wa dhahabu walianza kusogea. Siku hizo watu walikuwa wanaugua tumbo kwenye machimbo, na neno sumu lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alitoa lenzi yake, akatazama. "Haiko dhahabu, haiko zebaki," akasema. "Sijue."

Komanda akaweka kijiti kimoja kwenye ulimi kabla sijamzuia. Kikanasa. Kitu kikavu namna ile kinaunyonya ulimi na kuupasha joto. Macho yakamtoka. Akakitema, akakamata bunduki.

"Inaniunguza! Mumeona? Ni sumu!"

Shabani alikuwa amekwisha kuinua mikono. Nilisema kwa sauti ambayo sikuijua, "Komanda, kunywa maji, itaisha. Ni joto ya ukavu tu." Nikachukua kijiti kingine, nikakiweka kwenye ulimi wangu mbele yake, kikanasa, nikasimama hivyo nikimtazama mpaka kikaachia. Mwanamke mmoja aliyeuza mikate ya muhogo pale akacheka, "Basi muzungumuze tena, ulimi wote wawili iko."

Hakuna mwingine aliyecheka. Komanda alikunywa maji, akangoja kama atakufa. Mwishowe akamwita askari mmoja.

"Utakwenda nao. Kama jenereta haitawaka, unarudi na huyu mama hapa."

Tukaendelea watu watatu kwenye pikipiki, bunduki ikinigonga ubavu kila shimo.

Injenia Kalonda alitupokea barabarani. Usiku na mchana vilichanganyika. Ninachokumbuka ni kumimina vijiti ndani ya mnara, kuwasha jiko lake, na kukaa kwenye bomba la kutokea nikitazama tundu tupu. Askari naye aliketi akilitazama tundu hilo hilo. Lilipotoa tone la kwanza alisimama. Likafuata la pili, kisha uzi mwembamba usiokatika. Injenia alitia tone kidoleni, akanusa, akaketi kwenye matope na suruali yake nzuri.

Bido ya kwanza, dumu lililojaa mafuta, tuliipeleka hospitali kwa kukimbia, kwa sababu kulikuwa na mama aliyeshindwa kuzaa tangu jana yake, na daktari alikuwa anatafuta simu zenye chaji. Jenereta ilikohoa, ikazima. Ikakohoa tena. Mkono wa askari ulikuwa umenishika kiwiko, sidhani alijua. Mara ya tatu ikashika, na dirisha la chumba cha upasuaji likawaka jeupe katikati ya mchana ule wa mvua. Askari aliniachia kiwiko, akauliza kama kuna mahali pa kuchajia simu.

Tulisikia mtoto kabla ya kuambiwa lolote. Mama naye alipona. Jenereta ile iliendelea kuwaka mpaka malori yakapita, na vijiti viliporudi Kasongo vilikuwa vya kijivu tu. Mtu akiniuliza, sijui kumwambia kama Papa Amisi alifanya vizuri. Sheria naijua, na nyinyi muishike: chungu kikivuja, tokeni. Nimewafundisha hivyo miaka yote, na miaka yote mmeona sauti yangu inabadilika nikifika hapo.

Niliporudi Kasongo nilikwenda moja kwa moja kwake. Walikuwa wamemruhusu kutoka hospitali, mkono wa kulia umefungwa mpaka juu ya kiwiko. Daktari alikuwa amekwisha kusema vidole vitatu havitafanya kazi tena. Nilimweleza maziwa, chumvi, bariere, taa. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Na fuwele, umbo lao?" akauliza.

"Haionekane, Papa. Ni ndogo sana."

"Vizuri."

Mke wake, Mama Mwamvua, alileta bukari, ugali wa muhogo, na samaki, akaninawisha. Papa Amisi alisema hana njaa. Mama Mwamvua alinivuta pembeni karibu na mlango. "Tangu atoke, hakulake mbele ya mutu," akaninong'oneza. "Mukono ya kuume imekufa. Na ya kushoto anaona haya. Ananingojaka mpaka nitoke, ndipo anakula kama anaiba."

Nilirudi mkekani. Niliweka mkono wangu wa kulia chini ya paja, nikauinua wa kushoto, nikakata tonge. Halikukubali kukaa, nusu ilianguka kwenye mkeka, na mchuzi ukanitiririka mpaka kiwikoni. Nilikata jingine. Papa Amisi alinitazama, hana tabasamu.

"Unakula vibaya," akasema.

"Ndiyo, Papa. Nifundishe."

Akajisogeza kwenye sahani, akanyoosha mkono wa kushoto, akakata.